Presha ya Ndani ya Kichwa na Sindano ya Mgongo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa na Idara ya Afya ya Kaunti kwa ajili ya mabaraza ya wadi. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mazungumzo ya leo yanahusu karatasi moja. Ni karatasi ya ruhusa ambayo familia hupewa wodini mgonjwa wao anapohitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo. Wauguzi wanaijua vizuri safari ya karatasi hiyo. Hutoka mkononi mwa daktari ikaingia mkononi mwa mke au ndugu wa mgonjwa. Hupelekwa nje chini ya mti, simu zikapigwa kwa mjomba aliye mjini na kwa mzee wa boma, kisha ikarudi bila sahihi. "Daktari, mpeni dawa tu. Sindano ya mgongo hapana. Hiyo inalemaza, na wengine hawaamki."

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Wengi wamesikia habari za mtu aliyedungwa mgongoni Jumatatu akazikwa Jumamosi. Aliyeona mambo hayo mawili yakifuatana hawezi kulaumiwa akidhani la kwanza ndilo lililoleta la pili. Lakini kuna jambo la tatu ambalo halikuonekana kwa macho, nalo ni presha iliyokuwa ndani ya kichwa kabla sindano haijaguswa. Presha hiyo ndiyo inayoua, na wale isiowaua mara nyingi huwaacha vipofu.

Kwanza ieleweke kwamba hii si ile presha inayopimwa kwa kufungwa mkanda mkononi. Ile ni ya damu kwenye mishipa. Hii ya leo iko ndani ya fuvu, na mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyingine. Zinapokutana huweza hata kumpoteza mhudumu njia. Presha ya kichwa ikizidi sana, mwili hujitahidi kusukuma damu ifike kwenye ubongo, hivyo presha ya damu nayo hupanda na moyo hupiga polepole. Mgonjwa kama huyo akipewa vidonge vya presha na kurudishwa nyumbani, shida yenyewe haijaguswa.

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilopanuka. Ndani yake mna ubongo, damu, na maji mang'avu kama ya mvua yanayouzunguka ubongo na kuteremka hadi kwenye uti wa mgongo. Maji hayo si mengi. Kwa wakati mmoja mtu mzima ana takriban mililita 150, yaani nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Lakini hayatulii. Mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, na kiasi hicho hicho hufyonzwa na kurudishwa kwenye damu. Ni kama sinki ambalo mfereji wake haufungwi kamwe, na linanusurika kwa sababu tundu la chini liko wazi. Likizibwa, mfereji hauna habari. Unaendelea kutiririka.

Upimaji wake ni rahisi kuelewa. Mgonjwa hulala ubavu, mrija mwembamba wa wima huunganishwa na sindano iliyo mgongoni, kisha huangaliwa maji yanapanda hadi wapi. Yakifika sentimita 10 hadi 20, ni sawa. Yakipita 25, presha iko juu. Rula ya mtoto wa shule ina sentimita 30, na wako wagonjwa ambao maji yao huipita rula nzima.

Chukueni mfano wa fundi wa mbao wa miaka thelathini na kitu. Anaumwa na kichwa. Wiki ya kwanza ananunua dawa za maumivu dukani. Wiki ya pili anatibiwa malaria, kisha taifodi, na kila dawa inampa nafuu ya siku moja. Kichwa kinamsumbua zaidi alfajiri na anapolala chali, na akikohoa au kuinama ni kama kinataka kupasuka. Anatapika. Joto la mwili si kali, shingo haijakakamaa sana, kwa hiyo hakuna anayefikiria homa ya uti wa mgongo. Halafu asubuhi moja anamwambia mkewe kwamba ameona pikipiki mbili zikija mahali palipokuwa na moja.

Hapo ndipo neva zinapoingia katika habari hii. Neva ni kama nyaya zinazopeleka ujumbe, na chini ya ubongo hutoka jozi 12 za nyaya hizo kuelekea machoni, usoni, masikioni, kooni na kwingineko. Neva ya sita kazi yake ni moja tu, kuvuta jicho kuelekea upande wa nje. Ni nyembamba, na njia yake ni ndefu, ikipanda na kupinda juu ya ukingo wa mfupa. Presha ikisukuma ubongo, neva hii hunyooshwa na kubanwa. Jicho hushindwa kwenda nje na kuvutwa kuelekea puani, mgonjwa akapata kengeza ambalo hakuzaliwa nalo, na kila kitu kikawa viwili. Utamwona akifumba jicho moja anapotembea, maana kwa jicho moja vitu hurudi kuwa kimoja kimoja. Kijijini watasema amepatwa na mambo. Kwenye zahanati, kengeza jipya kwa mtu mzima anayeumwa na kichwa linatosha kumwandikia barua ya rufaa siku hiyo hiyo.

Habari njema kuhusu neva ya sita ni kwamba mara nyingi hupona. Presha ikishuka, jicho hurudi mahali pake baada ya wiki au miezi. Neva ya kuonea haina bahati hiyo.

Neva ya kuonea ni ya pekee. Utando unaoufunika ubongo haukomi kwenye fuvu. Unaifuata neva hii hadi nyuma ya jicho, na maji yale yale ya ubongo yako ndani ya utando huo. Kwa hiyo presha ya kichwani husafiri hadi mlangoni mwa jicho. Kichwa cha neva huvimba, na mhudumu mwenye kile kifaa kidogo cha taa cha kuchungulia ndani ya jicho anaweza kuona uvimbe huo. Mgonjwa mwenyewe mwanzoni haoni tofauti, au anaona kitu kimoja ambacho hukipuuza: akiinama kuchukua kitu, au akisimama ghafla, dunia huwa giza au kijivu kwa sekunde chache, kisha nuru hurudi. Wengi hudhani ni kizunguzungu au upungufu wa damu. Giza la namna hiyo, likiandamana na maumivu ya kichwa, ni neva ikilalamika.

Isipopata msaada, uoni huanza kuliwa kutoka pembeni. Mtu anagonga fremu ya mlango, anamwaga chai iliyokuwa kando ya mkono wake, anapigwa bega na watu njiani na kudhani wanamdharau. Katikati bado anaona, ndiyo maana akiulizwa atasema macho ni mazuri. Baadaye katikati nako kunaingia ukungu. Kwa magonjwa mengine safari hii huchukua miezi. Kwa ugonjwa wa fundi huyu inaweza kuchukua siku chache. Na nyuzi za neva ya kuonea zikishafa hazioti tena. Miwani haisaidii, upasuaji wa mtoto wa jicho hausaidii, kwa sababu jicho lenyewe ni zima. Kilichokatika ni waya.

Baadhi ya wagonjwa hupoteza uwezo wa kusikia pia, kwa sikio moja au yote mawili. Hilo huzungumzwa kidogo mno, labda kwa sababu mgonjwa aliyelala wodini akiwa kimya hudhaniwa amechoka.

Ugonjwa wa fundi huyu ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu iitwayo kriptokokasi. Kuvu hii huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Watu wengi huivuta kwa pumzi bila kujua, na kinga ya mwili huimaliza. Haiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa sahani wala kikombe. Humshika zaidi mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, na hapa Afrika sababu kubwa ni virusi vya Ukimwi ambavyo havijagunduliwa, au dawa za ARV zilizoachwa njiani. Fundi wa mfano wetu aliziacha alipohamia mji mwingine kutafuta kazi, akaona haya kuuliza kliniki iko wapi. Wako wengi kama yeye, na baraza si mahali pa kunyoosheana vidole. Wataalamu walikadiria kwamba ugonjwa huu uliua takriban watu 112,000 waliokuwa na virusi hivyo duniani mwaka wa 2020, wengi wao wakiwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara.

Kuvu hii ina koti la ute mzito. Inapozaana ndani ya maji ya ubongo, ute na chembe zake huziba yale matundu ambako maji hufyonzwa. Sinki limezibwa na mfereji unatiririka. Na hapa ndipo lilipo jibu la yule ndugu anayesema "mpeni dawa tu". Dawa ni lazima, na zipo nzuri. Tangu mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyotengenezwa kwa namna isiyoumiza figo sana, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Lakini dawa huua kuvu polepole, kwa siku na wiki. Presha haisubiri wiki. Vidonge vya kukausha maji, ambavyo hutumika kwa aina nyingine za presha ya kichwa, vilijaribiwa katika ugonjwa huu vikadhuru. Dawa za kupunguza uvimbe aina ya deksamethasoni nazo zilijaribiwa katika utafiti uliohusisha wagonjwa wa Asia na Afrika, wakiwemo wa Uganda na Malawi, na utafiti huo ulisimamishwa kwa kuwa waliopewa walipata madhara zaidi. Njia iliyobaki ni ile ya fundi bomba: kama maji hayapiti, yatolewe.

Aliyeanzisha njia hii ni daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, mwaka wa 1891. Alikuwa akihangaika na watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vimejaa maji, na lengo lake lilikuwa kupunguza presha. Leo wengi huijua sindano ya mgongo kama kipimo tu, "wamemtoa maji wakapime". Lakini tangu mwanzo ilikuwa pia tiba.

Sasa kuhusu kulemaa. Uti wenyewe, ile kamba nene ya neva inayoteremka kutoka kwenye ubongo, haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, chini kidogo ya mbavu za mwisho. Baada ya hapo zinaning'inia nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji kama mkia wa farasi. Daktari huweka vidole juu ya mifupa ya nyonga, pande zote mbili, akavuta mstari wa kufikirika hadi katikati ya mgongo. Hapo ndipo anapodunga, pingili mbili au zaidi chini ya mahali uti ulipoishia. Sindano ikikuta nyuzi, nazo kwa kuwa zinaelea, husogea pembeni. Mgonjwa anaweza kuhisi kama ameguswa na umeme mguuni kwa sekunde moja.

Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanaijua sindano hii bila kujua kwamba wanaijua. Wengi wao walidungwa ganzi mgongoni, mahali pale pale, mtoto akatolewa huku mama akiwa macho. Kisha miguu ikarudi, wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Katika baraza lolote wako akina mama wa namna hiyo, na mmoja wao akisimama kueleza huenda ushuhuda wake ukawa na uzito kuliko maneno ya daktari.

Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yakakunjwa hadi kifuani kama mtoto aliye tumboni. Ngozi husafishwa, ganzi huwekwa. Maji yanaanza kudondoka. Kwanza presha hupimwa, kisha hutolewa kiasi, mara nyingi mililita 20 hadi 30, presha ikapimwa tena. Lengo ni ishuke chini ya sentimita 20, au kama ilikuwa juu mno, ipungue nusu. Kwa fundi wetu nafuu inaweza kuja akiwa bado kitandani. Wapo wagonjwa waliopelekwa kwenye sindano wakiguna kwa maumivu na baada ya nusu saa wakaomba uji.

Kuna udhia wake, na si vizuri kuuficha. Mgongo unaweza kuuma siku chache. Wengine hupata maumivu mapya ya kichwa baada ya sindano, lakini haya yana tabia iliyo kinyume: hupungua mtu akilala na kuzidi akiketi au kusimama. Kuambukizwa au kuvuja damu hutokea kwa nadra sana.

Je, inaokoa? Mwaka wa 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 248 wa homa hii nchini Uganda na Afrika Kusini. Kati ya 75 waliotolewa maji tena angalau mara moja katika siku za mwanzo ili kupunguza presha, walikufa 5. Kati ya 173 ambao hawakurudiwa, walikufa 31. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa wale ambao presha yao haikuwa juu sana mwanzoni. Mtu akisikia mjini kwamba sindano ya mgongo inaua, hizi ndizo hesabu za majirani zetu wa Uganda za kumjibu.

Basi kwa nini wengine hufa baada ya kudungwa? Kwa sababu karatasi ilikaa chini ya mti siku tatu. Familia ilipokubali, mgonjwa alikuwa hajitambui, na sindano ikabebeshwa lawama ya siku zile tatu. Jirani akaona, akasimulia, na familia iliyofuata ikakaa siku nne.

Lakini si haki kuwatupia familia lawama yote. Presha ya ugonjwa huu hurudi, kwa kuwa tundu bado limezibwa. Kutoa maji mara moja mara nyingi hakutoshi. Hurudiwa kila siku au kila baada ya siku chache, kulingana na presha na dalili, mpaka itulie. Mahali ambapo maji hutolewa mara moja kwa ajili ya maabara, mrija wa kupimia haupo, na faili ikafungwa kwa maneno "homa ya uti wa mgongo, endelea na dawa", mgonjwa amepewa nusu ya tiba. Na kukosekana kwa mrija maalumu si sababu ya kutopima. Mrija safi wa dripu usio na vijidudu na rula vinatosha kumjulisha daktari hali ilivyo.

Kuna wakati sindano hii haifai kabisa, na daktari anayesema "ngoja" pia anastahili kusikilizwa. Kama presha imeletwa na uvimbe mkubwa, usaha, au damu iliyovuja upande mmoja wa ubongo, kutoa maji chini kunaweza kuufanya ubongo usukumwe kwenda chini na kubanwa kwenye tundu la fuvu. Ndiyo maana mgonjwa aliyepooza upande mmoja, anayepata kifafa kipya, au asiyejitambua, kwa kawaida hupigwa kwanza picha ya CT ya kichwa. Ikiwa mashine iko kaunti jirani, itabidi kusafiri. Familia ifanye mipango ya gari mapema badala ya kungoja hali izidi.

Hili linaleta habari ya boda boda. Kijana anaanguka bila helmeti, anazimia dakika chache, anaamka, anaongea, hata anacheka. Anapelekwa nyumbani akalale. Wakati mwingine mshipa wa damu kando ya fuvu umepasuka, na damu inajikusanya taratibu ikisukuma ubongo upande mmoja. Kichwa kinauma zaidi, anatapika, anasinzia kusiko kwa kawaida. Neva inayobanwa hapa ni ya tatu, inayoinua kope na kuifanya mboni ya jicho ijikunje mbele ya mwanga. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine na haisogei ukimulika kwa tochi ya simu, hiyo ni dharura ya saa chache, na tiba yake ni upasuaji. Lakini msisubiri mboni. Aliyezimia kwa ajali, hata kama ameamka anaongea, apelekwe hospitali kabla ya kulazwa, na kichwa na shingo yake visigeuzwegeuzwe. Usingizi wake usisifiwe kuwa ni wa kupumzika.

Kwa watoto wachanga mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa mifupa ya fuvu haijaungana. Presha ikipanda, kichwa hukua haraka kuliko mwili, utosi unatuna, na macho huelekea chini kama jua linalozama. Kijitabu cha mama na mtoto kina mahali pa kufuatilia makuzi. Mama ana haki ya kumwomba muuguzi apime kichwa kwa futi. Upasuaji upo, ama kwa kuweka mrija wa kupeleka maji tumboni, ama kwa kuyafungulia njia mpya ndani ya ubongo kwa kifaa cha kamera, njia ambayo iliendelezwa sana katika hospitali ya watoto ya Mbale, Uganda. Mtoto anayefikishwa mapema ana nafasi kubwa ya kuona na kujifunza.

Wapo pia wanawake, hasa wenye uzito mkubwa na walio katika umri wa kuzaa, ambao presha ya kichwa hupanda bila uvimbe wala kuvu. Dalili za macho ni zile zile. Kwao tiba ni kupunguza uzito, vidonge, na kufuatiliwa kliniki ya macho, na wasiambiwe kwamba ni mawazo tu.

Turudi kwa fundi. Kabla ya yote hayo kulikuwa na mlango ambao ungemwepusha. Anayegunduliwa kuwa na virusi, au anayerudi baada ya kuacha dawa, hupimwa kinga ya CD4. Ikiwa imeshuka chini ya 200, damu yake hupimwa kama ina dalili za kuvu hii. Kipimo ni kijiti kidogo, jibu hutoka kwa dakika 10 hivi, na kinaweza kuonyesha kuvu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Dawa za kuzuia zikianza hapo, wengi hawafiki kwenye sindano. Kwa hiyo anayetaka kurudi kliniki baada ya miezi ya kuacha asiogope kukemewa. Aende, na aulize kuhusu kipimo hicho. Akishapata ugonjwa wenyewe, daktari atachelewesha ARV kwa wiki 4 hadi 6 hivi huku kuvu ikitibiwa. Kuanza mapema mno kunaweza kuamsha uvimbe na kuongeza hatari. Familia isidhani amesahauliwa.

Kuhusu gharama, wakazi wanahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kupitia *147# au kwa msaada wa wahudumu wa afya ya jamii vijijini, kabla ya kuugua. Kusajili mgonjwa asiyejitambua usiku wa manane ni taabu ambayo wengi wameionja.

Na yule mke wa fundi, akiwa ameketi kando ya kitanda, karatasi mkononi, ana ruhusa ya kumuuliza daktari maswali kabla ya kutia sahihi. Aulize kama kuna sababu ya kupigwa picha kwanza. Aulize presha ilipanda sentimita ngapi, na baada ya kutolewa maji ilibaki ngapi. Aulize itapimwa tena lini. Kila asubuhi amwonyeshe mumewe vidole kutoka pembeni, jicho moja moja, na amwulize anaona vingapi. Kichwa kikirudi kuuma au giza likirudi, amwite muuguzi saa hiyo hiyo bila kungoja raundi ya kesho. Na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, asiondoke wodini bila tarehe ya kliniki ya macho kuandikwa kwenye karatasi ya kutokea.